Kabla Hujapigiwa Window

Jumapili moja mpwa wangu alinijia nyumbani na laptopu mpya, kioo bado kimevaa nailoni. Alikuwa ameinunua Kariakoo siku nne kabla, na mkononi alishika flashi yenye video ya harusi ya dada yake. "Mjomba, hebu iangalie hii," akasema, akabonyeza. Bibi harusi akaingia ukumbini, hatua mbili, tatu, kisha akaganda mguu mmoja ukiwa hewani. Sauti ikaendelea kama kawaida: muziki, vigelegele, MC akiwaomba wageni wasimame. Baada ya sekunde kadhaa picha ikaruka, na bibi harusi tukamkuta ameshaketi.

Fundi wa mtaani kwao alikuwa ameshatoa hukumu bila hata kuiona video yenyewe. "Hiyo inataka kupigwa window," yaani Windows ifutwe na kuwekwa upya. Shilingi 30,000. Nikamwomba mpwa wangu asubiri kidogo.

Nimeona laptopu nyingi zikipigwa window kwa kosa la faili moja, na baadhi zikirudi mbovu kuliko zilivyokwenda. Laptopu inapotoka kiwandani huwa na draiva, yaani programu za kuendesha vifaa vyake, zilizochaguliwa kwa ajili ya modeli hiyo. Ukiifuta Windows unazifuta na hizo, kisha unawekewa nakala ambayo hujui ilitoka wapi, na kazi ya kutafuta draiva upya inakuwa yako. Kupiga window kuna mahali pake. Mahali pake ni mwisho wa foleni.

Mwanzo wa foleni ni kuangalia dalili, na hapa watu wengi wana haraka. "Video inakwamakwama" ni maneno yanayobeba magonjwa kama matano tofauti. Picha ikiganda huku sauti ikiendelea, kama ilivyokuwa kwa bibi harusi wetu, mara nyingi mashine imelemewa na kazi ya kuifungua picha. Sauti ni nyepesi, inapita. Picha ni nzito, inabaki nyuma. Lakini vyote viwili vikisimama pamoja na kiduara kikaanza kuzunguka, mashine haina kosa, inasubiri kuletewa data: ama intaneti ni dhaifu, ama flashi inasoma polepole. Picha ikivunjika vibokisi-vibokisi au nusu yake ikageuka kijani, shuku faili lililoharibika au draiva. Sauti ipo na picha ni nyeusi tii? Hiyo nitaigusa mbele kidogo. Na kama kioo kinapepesa hata ukiwa unaandika barua tu, suala la video liweke pembeni. Una tatizo la kioo au la draiva yake.

Baada ya dalili, badilisha kitu kimoja tu na ujaribu tena. Kimoja. Mtu akibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata tatizo likiisha hajui kilicholimaliza, na likirudi wiki ijayo anaanza upya.

Kwa mpwa wangu tulianza kwa kucheza video nyingine, ya kawaida, iliyorekodiwa kwa simu. Ikapita safi. Tukafungua YouTube kwa ubora wa 1080p, nayo ikapita safi. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, kioo kizima, na lawama ikahamia kwenye lile faili au ile flashi. Tukalihamishia faili ndani ya laptopu. Hatua hii usiiruke, kwa sababu video ya 4K iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuhitaji megabiti 100 kila sekunde, yaani megabaiti 12 na nusu, na zipo flashi za bei poa zisizoweza kutoa hata hizo kwa mfululizo. Video hiyohiyo ikicheza vizuri baada ya kuhamishwa, umeshapona bila senti.

Ya kwetu haikupona. Bibi harusi aliganda palepale.

Hapa inabidi nieleze kidogo video ni nini, maana bila hilo ushauri unaobaki utaonekana kama uganga. Video ya 1080p yenye picha 30 kwa sekunde, ikihifadhiwa bila kubanwa, ingekula karibu MB 187 kwa sekunde moja. Saa moja ya harusi ingepita GB 600. Kwa hiyo hubanwa. Njia yake ni ya mtu mvivu mwenye akili: huchora picha moja kamili, kisha zinazofuata haandiki picha nzima, anaandika kilichobadilika tu. Ukuta wa ukumbi umesimama palepale? Haandiki. Bibi harusi amesogea? Anaandika kusogea kwake. Ndiyo sababu kipande kidogo cha data kikipotea unaona vibokisi vinavyotambaa juu ya uso wa mtu hadi picha kamili nyingine ifike.

Kanuni za kubana huko huitwa kodeki, na ziko nyingi. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaielewa. HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ilikuja mwaka 2013, na iPhone zimekuwa zikirekodi kwa kodeki hiyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. YouTube hutumia sana VP9 na AV1, hii ya pili ikiwa ya mwaka 2018. Kila kizazi kinabana zaidi na kinahitaji nguvu zaidi kufungua. Laptopu za leo zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya picha ambayo kazi yake ni kufungua kodeki hizi tu, kwa umeme kidogo na bila jasho. Lakini sehemu hiyo hujua zile ilizofundishwa kiwandani. Intel, kwa mfano, walianza kuitia AV1 kwenye prosesa za kizazi cha 11, mwaka 2020. Chipu isipoijua kodeki, mzigo wote unaiangukia prosesa kuu, na hapo ndipo feni inaanza kulia na picha inaanza kuruka.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager, nenda Performance, kisha uchague GPU huku video inacheza. Utaona grafu iliyoandikwa Video Decode, au Video Codec kwenye mashine za AMD. Ikiwa imelala chini kabisa huku CPU inagonga asilimia 90 au 100, basi chipu imekaa kando na prosesa inabeba gunia peke yake.

Ndivyo tulivyoona. Aliyerekodi harusi alikuwa amempa mpwa wangu mafaili ghafi ya kamera: 4K, HEVC, yenye rangi za aina ya 4:2:2 kwa biti 10. Aina hiyo ya rangi inawafaa wahariri, lakini chipu nyingi za laptopu hazina njia ya kuifungua, na yake haikuwa nayo. Laptopu haikuwa mbovu hata chembe. Tuliweka HandBrake, programu ya bure, tukayageuza mafaili kuwa H.264 ya 1080p, tukaiacha mashine ikichapa kazi usiku kucha. Asubuhi bibi harusi aliingia ukumbini bila kuganda. Njia fupi zaidi ingekuwa kumwomba mpiga video nakala ya kutazama badala ya mafaili ya kuhariria, na ninakushauri umwombe hivyo mapema, kabla hujamalizia malipo yake.

Kuna watu ambao shida yao ya HEVC ni ndogo kuliko hiyo. Windows inakataa tu kulifungua faili la iPhone na kuwataka wanunue kiongezo. Kiongezo hicho kipo kwenye duka la Microsoft kwa senti 99 za dola, lakini VLC inacheza faili hilohilo bila malipo. Programu hii ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na inakuja na kodeki zake tumboni. Iweke. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, videolan.org, usichukue kwenye flashi ya jirani. Ikiwa picha ndani ya VLC inatoka ya kijani au imepasuka, ingia Tools, Preferences, Input/Codecs, uzime Hardware-accelerated decoding, ujaribu tena. Na tafadhali, zile "kodeki paki" tulizokuwa tukiziwekeana kwenye intaneti kafe miaka ile, ziache huko huko. Zinaingiliana na programu nyingine, na baadhi huja na wageni usiowataka.

Jambo jingine la kushangaza: mwaka 2025 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wameuzima uwezo wa HEVC kwenye baadhi ya modeli zao, ingawa chipu zilizomo zinaiweza. Kuna ada za leseni nyuma ya pazia. Kwa hiyo kununua mashine mpya hakukuhakikishii kila kitu, na maelezo ya modeli yasome kabla hujatoa hela.

Sasa tuseme kesi yako haifanani na ya harusi. Kila video inasumbua, hata ile nyepesi ya WhatsApp. Kabla hujaenda popote, jiulize laptopu ina siku ngapi tangu iwashwe mara ya kwanza. Siku ya kwanza na ya pili huwa inashusha masasisho, inapanga orodha ya mafaili, na antivirusi ya majaribio iliyokuja nayo inakagua kila pembe. Kwenye mashine ndogo, yenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4, hayo yanatosha kuifanya ipumue kwa shida. Iache imechomekwa kwenye umeme na Wi-Fi usiku mmoja, iwashe upya, ndipo uihukumu. (Mashine ya GB 4 kwa Windows 11 ndicho kiwango cha chini kabisa Microsoft walichoruhusu. Itawaka. Mimi nisingemnunulia mtoto wangu.)

Lakini hapo kwenye Wi-Fi kuna mtego wetu wa kienyeji. Wengi wetu tunaiunganisha laptopu kwa bando la simu, na kwa kuogopa MB kuisha tunaiambia Windows kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa, metered. Ni busara kwa mfuko. Ila Windows ikishaambiwa hivyo, kwa kawaida haishushi draiva, na inaahirisha masasisho mengi. Laptopu inakaa mwezi mzima na draiva ya picha iliyotoka nayo kiwandani, au haina kabisa. Tafuta Wi-Fi ya ofisini, ya chuo, au ya rafiki mwenye moyo, uondoe kizuizi hicho kwa saa chache, uache ishushe inachokihitaji.

Kisha kagua. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta jina la Intel, AMD au NVIDIA, draiva ipo. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, umempata mwizi: hiyo ni draiva ya muda ya kukuwezesha kuona menyu tu, haina uwezo wa kuibebesha chipu kazi ya video. Laptopu nyingi zilizopigwa window kwa pupa ndiko zinakoishia. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ingiza namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, uchukue draiva ya modeli hiyo. Anza kwa mtengenezaji wa laptopu kabla ya mtengenezaji wa chipu, kwa sababu wakati mwingine draiva hurekebishwa kwa ajili ya kioo fulani. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo mmoja, zipite kama hujaziona.

Ikiwa tatizo lilianza jana, baada ya sasisho, mwelekeo ni wa kinyume. Hapohapo kwenye Device Manager fungua draiva hiyo, nenda Driver, na kama Roll Back Driver inabonyezeka, rudi kwenye ya zamani. Na kwa kuganda kwa ghafla kuna dawa ya haraka ambayo wengi hawaijui: kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitakuwa cheusi kwa nukta moja, kitarudi, na draiva itakuwa imeanza upya bila wewe kupoteza kazi uliyofungua.

Kama video za faili ni nzima na za mtandaoni ndizo zinazosumbua, bonyeza kulia juu ya video ya YouTube uchague Stats for nerds. Kinatokea kibao kidogo cheusi. Humo utasoma kodeki inayotumika, kasi ya intaneti yako, akiba ya data iliyoshushwa tayari, na idadi ya fremu (picha) zilizodondoshwa. Fremu zikidondoka kwa mamia huku akiba ya data imejaa, laptopu ndiyo inayoshindwa. Zima kisha washa tena kipengele cha graphics acceleration kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya System, uone hali ipi ni afadhali. Akiba ikiwa sifuri na fremu hazidondoki, kosa ni la intaneti. YouTube wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080p na 20 kwa 4K. Kwa kasi hiyo ya 5, saa moja inaweza kula GB 2 na robo za bando lako, kwa hiyo majaribio marefu yafanye kwa faili, si kwa YouTube. Ruta yako ikiwa na mawimbi ya GHz 5, yatumie ukiwa chumba kimoja nayo. Yale ya 2.4 yanafika mbali lakini yanagombaniwa na majirani wote. Na siku nyingine kosa liko baharini kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania nzima ikahangaika na intaneti. Siku ile hakuna fundi ambaye angekusaidia.

Picha nyeusi yenye sauti, niliyoiahirisha: ikitokea kwenye Netflix na wenzake, mara nyingi ni ulinzi dhidi ya kunakili. Huwa mkali zaidi ukiunganisha televisheni ya zamani au waya wa HDMI wa kupitia vifaa vya kati. Chomoa hivyo vya kati kwanza.

Sauti kuchelewa nyuma ya midomo hakuchukui muda wetu. Ukitumia spika za Bluetooth, ucheleweshaji ni wa Bluetooth. Jaribu kwa waya. Ndani ya VLC herufi J na K husogeza sauti mbele au nyuma kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza.

Umeme na joto, hata hivyo, nisipovitaja nitakuwa nimewaonea watu wa pwani. Laptopu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na Dar es Salaam ya Februari haiisaidii. Ukiiweka juu ya godoro au kanga mapajani, matundu ya chini yanaziba, na baada ya dakika ishirini za filamu picha inaanza kuchechemea. Iweke mezani. Kama inachechemea ikiwa kwenye betri tu na inapona ukichomeka, zima hali ya kuokoa betri au badilisha Power mode. Na chaja ya simu ya wati 20, hata kama pini inaingia, haiwezi kuilisha laptopu inayotaka 45 au 65.

Tukifika hapa na bado kioo kinapepesa au kina mistari, tunashuku chuma. Fungua Task Manager kioo kikiwa kinapepesa. Ikipepesa pamoja na vingine vyote, shuku draiva. Vingine vikipepesa yenyewe ikatulia, ni programu fulani. Halafu piga picha ya skrini kwa Print Screen, uifungue kwenye simu yako. Mistari ikionekana hata humo, inatoka ndani, kwenye chipu au draiva. Picha ikiwa safi simuni, mistari ni ya kioo au waya wake. Chezesha kifuniko taratibu mbele na nyuma; kupepesa kukibadilika kila unapokigusa, waya kwenye bawaba umelegea au umebanwa. Mwisho iwashe uingie BIOS, kabla Windows haijaamka. Kikipepesa hata huko, Windows haina hatia, na kupiga window kungekuwa kuosha gari lenye injini mbovu.

Laptopu ya namna hiyo usiifungue wala usimpe fundi aifungue. Skrubu ikishaguswa, muuzaji amepata sababu ya kukukatalia. Rekodi tatizo kwa simu, kioo na namba ya modeli vikionekana, kwa sababu mashine ina tabia ya kupona inapofika kaunta. Nenda dukani na risiti, boksi na chaja yake. Na kabla ya yote geuza risiti uisome nyuma: maduka mengine hubadilisha mashine ndani ya siku saba tu, baada ya hapo ni matengenezo, na siku hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya risiti, hata kama laptopu ilikaa kwenye boksi ikisubiri siku ya kuzaliwa ya mtu.